Katiba Hailindwi kwa Makelele

Katika mji wetu wa Bukavu habari hutembea upesi. Asubuhi mtu mmoja hutuma sauti kwa simu. Kabla ya adhuhuri Kadutu na Bagira zimekwisha sadiki. Ukiuliza, «Nani ameyaona?» utaitwa msaliti.

Ugonjwa huu sasa umeishika Katiba. Oktoba 2024, huko Kisangani, Rais Félix Tshisekedi alisema Katiba yetu iliandikwa ugenini na watu wa kigeni, akatangaza kwamba tume itaundwa mwaka 2025 kwa ajili ya kutengeneza nyingine. Mara watu wakagawanyika. Hawa husema: asiyetaka kuibadili ni adui wa nchi. Wale husema: anayetaka kuizungumzia amenunuliwa. Na wengi wa pande zote mbili hawajasoma hata ukurasa mmoja!

Basi, tuifungue. Raia waliikubali kwa kura Desemba 2005, ikatangazwa tarehe 18 Februari 2006. Kifungu cha 70 champa Rais miaka mitano, naye aweza kuchaguliwa tena mara moja tu. Kifungu cha 220 chakataza kugusa idadi na urefu wa mihula hiyo, na uhuru wa mahakama, na kupunguza haki za watu. Sababu yajulikana. Mobutu alitwaa utawala mwaka 1965; Katiba ya Luluabourg ya 1964 haikumzuia, akakaa mpaka 1997.

Mtu atasema: Katiba ni kazi ya wanadamu, ina kasoro. Ni kweli, na kifungu cha 218 chaonyesha njia ya kuirekebisha. Lakini neno la «wageni» si hoja. Nyumba ikijengwa na fundi mgeni, mwenyewe akaikagua, akaikubali, akahamia, je, ni nyumba ya nani?

Tutazame Marekani. Katiba yao iliandikwa mwaka 1787, na tangu 1951 yakataza mtu kuchaguliwa Rais zaidi ya mara mbili. Kuibadili ni kazi ngumu: lazima robo tatu za majimbo zikubali. Tangu 1949 redio zao ziliagizwa kutoa maoni ya pande zote katika mabishano makubwa. Agizo hilo likaondolewa 1987. Tarehe 6 Januari 2021, watu waliosadiki uwongo kwamba kura zimeibwa walivamia Bunge. Karatasi peke yake isingaliwazuia. Usiku ule ule wabunge na Makamu wa Rais Mike Pence walirudi, wakamaliza kuhesabu kura kama sheria ilivyoagiza. Katiba ilisimama kwa sababu wenye kiapo walisimama.

Februari 2025 M23 waliingia Bukavu, na wengine wakauliza: Katiba ya nini penye bunduki? Nami nauliza: penye bunduki, raia mnyonge ana nini kingine cha kumwonyesha mwenye nguvu na kusema, «Haki yangu imeandikwa»? Anayemzoeza mnyonge kuidharau Katiba amemnyang'anya fimbo yake ya mwisho.

Basi, kila anayejua Kifaransa akisome kifungu cha 220 mbele ya jirani zake na kukieleza kwa Kiswahili. Kisha wabishane kwa maneno yaliyoandikwa. Na sauti isiyo na mwenyewe isitoke katika simu yako kwenda kwa mwingine.