Eksipoti Tu, Mnasema

Kuna neno dogo ambalo limenila masaa mengi kuliko foleni ya Mombasa Road: "tu". Wewe eksipoti tu. Geuza faili tu. Mhandisi ashamaliza modeli ya pampu kwa SolidWorks, mteja anataka picha ya kung'aa ya brosha, na katikati yao niko mimi na Blender yangu. Kwa invoisi, kazi hiyo ya katikati inasomeka sufuri.

Wacha tuelewane. Kwa CAD, duara ni hesabu: kitovu na nusu kipenyo, basi. Hata ukilikaribia vipi, linabaki duara. Programu za kurenda hutaka pembetatu, kwa hivyo kila uso uliopinda lazima ukatwekatwe vipande bapa. Ukikata vichache, mdomo wa bomba unatoka na kona kama nati. Ukikata vingi, laptopu inanguruma kama kinu cha unga, na pembetatu kibao ziko kwa thredi za bolti zilizofichwa ndani ya kifuniko. Nani anaamua zipi zibaki? Si kitufe. Ni mtu ameketi, mgongo unamuuma.

STL nayo haisemi kipimo. Inaandika 40 na kunyamaza. Bolti ya milimita 40 inaingia Blender ikiwa mita 40, ndefu kuliko ghorofa kumi.

Hayo navumilia. Kinachonichemsha ni marekebisho. Mhandisi akipanua tundu kwa milimita mbili, kwake ni kubadilisha namba na modeli inajipanga yenyewe. Kwangu, pembetatu hazikumbuki kwamba ziliwahi kuwa tundu. Naletewa faili mpya, na ile chuma niliyoipaka, ule mpira, yale mabomba niliyoyasafisha moja moja, sehemu kubwa narudia. Halafu mdosi anatuma meseji saa tatu usiku: "ni kabadiliko kadogo."

Mtasema ni hesabu, haina mwenye kosa. Nusu ni kweli. Nusu nyingine ni ua uliojengwa makusudi. Faili ya Revit ikishahifadhiwa kwa toleo jipya, toleo la zamani haliifungui, na hakuna njia ya kuihifadhi kurudi nyuma. Ofisi moja ikilipia toleo jipya, wote wanaofanya nayo kazi wanaburutwa kulipa. Mchoro ni wako, mlango ni wa mwenye programu.

Na dawa ipo, si ya jana. STEP ni kiwango cha ISO tangu 1994. Inabeba nyuso zenyewe, si vipande, na programu nyingi za uhandisi huiandika. Mhandisi, nitumie hiyo, si STL, ndiyo niamue mwenyewe wapi nikate laini na wapi nikate kwa haraka.

Mteja naye alipe. Hakuna anayeenda Gikomba kumwambia fundi apunguze suti ya mtumba bure eti "ni kushona pembeni tu". Sasa invoisi yangu ina mstari wake: kutayarisha modeli, kwa saa. Marekebisho, kwa saa.

Anayeona ni kubonyeza tu, nitamtumia STEP yenyewe. FreeCAD ni ya bure, Blender ni ya bure. Abonyeze.