Aje Aung'oe Mwenyewe

Ujumbe wa sauti ulikuwa wa sekunde 40. Mjomba, kutoka Doha: "Ng'oa mlango. Atatoka mwenyewe."

Mjomba ana ploti ya vyumba sita hapa Garsen. Mimi, niliyeacha chuo mwaka wa pili karo iliposhindikana, ndiye mtu wake: nakusanya kodi, naweka kwa akaunti yake, napiga simu choo kikijaa. Mpangaji wa chumba cha nne huuza samaki wa kukaanga steji. Kodi yake shilingi 2,000, deni la miezi mitatu. Na ni miezi gani hiyo? Aprili, Mei, Juni 2024. Mto Tana ulifura tena, hata miezi sita haijaisha tangu mafuriko ya Novemba, na wateja wake wengi walikuwa kambini wakingoja unga. Angemuuzia nani samaki?

Sisemi nyumba ni sadaka. Mjomba amejenga kwa miaka 12 ya jua la Ghuba na kodi ni haki yake. Lakini kudai kodi ni jambo moja, kung'oa mlango ni jingine, na hawa wenye nyumba wetu wa ng'ambo wanayachanganya makusudi.

Sheria ya kodi za nyumba, Sura ya 296, ipo tangu 1959. Inamlinda mpangaji wa kodi isiyozidi 2,500 kwa mwezi. Nairobi kiwango hicho ni kichekesho. Huku kwetu ndicho chumba cha nne. Humtoi mtu kama huyo bila amri ya baraza la kodi. Deni ni sababu halali ya kuomba amri. Kuomba, si kujipa. Na aliye mbali anaweza kumpa mtu uwakili kwa maandishi, amsimamie. Sauti ya WhatsApp si uwakili.

"Yaani nizungushwe mwaka mzima kwa elfu sita?" Mjomba aliuliza, na swali lina uzito wake, mabaraza yetu tunayajua. Basi kubali alichosema yule mama: mia moja kila siku, juu ya kodi ya mwezi. Siku 60 deni limekwisha. Alikataa. Alisema atazoea.

Umbali ndio unaompa ujasiri. Angekuwa hapa angepita uani, aone karai limekauka, aone watoto wanamwamkia. Asingeweza. Kwa hiyo anatafuta mkono wa mtu mwingine, na mkono huo ni wangu. Mimi ndiye nitakayekutana na yule mama sokoni, mimi ndiye nitakayekaa naye mkeka mmoja matangani, na jina la aliyeng'oa mlango litakuwa langu, si la Doha.

Nikamjibu: mlango ukitaka kung'olewa, Mjomba, njoo na bisibisi yako.

Tiki mbili za bluu. Leo siku ya tatu, na hela yangu ya mwezi haijaingia.