Nyumba na Afya: Daktari wa Maradhi Yote

Juma lililopita mke wa askari, jirani yetu, alinisomea barua ya mumewe aliyehamishiwa kambi ya mbali. Humo aliandika kwamba kituo cha afya cha huko kina "daktari mdogo tu." Nikamwuliza, mdogo kwa lipi? Akajibu, "Si bingwa wa kitu, mwalimu. Anatibu kila kitu."

Neno hilo nimelisikia hata ofisini kwetu, nalo latudhuru kuliko tudhanivyo.

Hapa Uganda daktari husoma Chuo Kikuu miaka mitano, kisha hufanya kazi hospitalini mwaka mzima chini ya wakubwa wake kabla ya kusajiliwa. Vituo vidogo vya vijijini huongozwa na wauguzi na matabibu waliosoma miaka mitatu, na watoto wetu wengi wenye malaria hupona mikononi mwao. Kituo cha daraja la nne ni jambo jingine. Kilipangwa kihudumie watu wapatao 100,000, kiwe na daktari na chumba cha upasuaji, hasa kwa ajili ya mama wajawazito. Mtoto akikwama tumboni, mama hawezi kungoja safari ndefu ya kwenda mjini. Anahitaji mtu wa kumpasua usiku huo huo. Na kukicha mtu huyo huyo ampime mzee mwenye shinikizo la damu, amshone polisi aliyekatwa panga, na atambue kwamba kikohozi cha mtoto fulani ni kifua kikuu.

Je, huyo ni mdogo?

Usiku wa dada yangu, meza ya upasuaji ilikuwapo, taa ziliwaka, mkunga yu macho. Daktari, naye ni mmoja tu, alikuwa ameitwa wilayani kupeleka hesabu za kituo. Tulimpakia dada katika gari la polisi. Yeye alipona, mtoto hakuwahi. Sikumlaumu daktari yule. Mtu mmoja alikabidhiwa kisu, kalamu na funguo za stoo.

Serikali iliongeza mishahara ya madaktari mwaka 2012, na tena mwaka 2022, nalo ni jambo jema. Hata hivyo vijana wengi wakishakaa kidogo vijijini hurudi Makerere au Mbarara kusomea upasuaji au maradhi ya watoto, maana huko ndiko kwenye cheo. Shahada ya juu ya udaktari wa jamaa ipo pia, ya miaka mitatu, na aliyeipata ni bingwa kamili. Lakini wanaoichagua ni wachache. (Sisi walimu twalijua jambo hili: afundishaye darasa la kwanza masomo yote huonekana mdogo mbele ya yule wa sekondari mwenye somo moja.)

Kwa maoni yangu, karani ashike hesabu, na daktari wa jamaa apandishwe cheo akiwa pale pale kituoni, asilazimike kuhama ili aheshimiwe.

Nawe mama uliyehamia kambi mpya, usingoje mwezi wa nane. Uliza mapema kituo cha daraja la nne kiko wapi, daktari hulala wapi, na usiku asipokuwapo ni gari gani litakalokuchukua.