Hata Marko Aliachia Safari Njiani

Kanisani tunajua kushangilia watu wa aina mbili: aliyeokoka juzi, na aliyesimama miaka kumi bila kuyumba. Sasa yule aliyeokoka, akateleza, na anataka kurudi? Huyo hatujui tumweke wapi. Anaketi nyuma karibu na mlango, anatoka kabla ya maombi ya mwisho ndio asiulizwe, "Kwani ulipotelea wapi?"

Hebu tumwangalie Yohana Marko. Kijana wa Yerusalemu, alitoka na Paulo na Barnaba kwa safari yao ya kwanza ya injili. Kufika Perga, Pamfilia, akawaacha akarudi nyumbani. Matendo ya Mitume 13 haisemi kwa nini. Baadaye Barnaba akataka waende naye tena, Paulo akakataa katakata. Wakazozana mpaka wakaachana: Paulo akaenda na Sila, Barnaba akampeleka Marko Kipro.

Mimi simlaumu Paulo sana. Kusamehewa kunaweza kuwa leo, kuaminiwa hujengwa pole pole. Lakini ona Barnaba alifanya nini. Hakungoja Marko awe sawa kwanza. Alimpa nafasi kwa merikebu, wakaenda.

Halafu kimya. Kitabu cha Matendo hakimtaji Marko tena. Sisi tunapenda mtu arudi kwa kishindo: kesha, machozi, ushuhuda, video. Naona kurudi kwingi kunafanana zaidi na hicho kimya. Unaomba asubuhi hata kama husikii chochote. Unasaidia kupanga viti. Ukianguka tena Jumatano, Alhamisi unaanza upya, bila kungoja Jumapili.

Mimi niliacha chuo, kwa hivyo najua vile watu hukutambulisha kwa kitu hukumaliza. Marko naye angebaki "yule wa Pamfilia" maisha yake yote. Lakini soma Waraka wa Pili kwa Timotheo, mwishoni: Paulo yule yule, sasa mfungwa, anaomba aletewe Marko kwa sababu anamfaa kwa kazi. Na mapokeo ya kale ya kanisa yanasema huyu ndiye aliyeandika Injili ya Marko.

Kama unataka kurudi, rudi tu, hata kama ni kwa kile kiti cha mlangoni. Na wewe ambaye hujawahi anguka, si uhamie huko nyuma basi, mketi pamoja?