Mashine ya pinboli iachwe ichezwe

MCHEZO NA JAMII
Na Mwanaidi Shekue

Mwaka 2021 kampuni ya Stern Pinball, iliyo jirani na Chicago katika jimbo la Illinois, ilitoa mashine ya pinboli iitwayo Godzilla kwa matoleo matatu. La kwanza, Pro, lilianza kwa bei ya chini kidogo ya dola 7,000 za Marekani. La pili, Premium, lilikuwa na jengo linaloporomoka ghorofa baada ya ghorofa. La tatu lilitengenezwa mashine 1,000 tu kwa dunia nzima, na bei yake ikapita dola 10,000. Ukifunua kioo cha matoleo hayo mawili ya juu, unakuta njia za gololi ni zilezile na jengo ni lilelile. Tofauti kubwa iko kwenye michoro ya ubavuni, rangi ya vyuma, kioo kisichorudisha mwanga na kibati chenye namba ya mashine. Aliyechukua toleo la tatu badala ya Premium ameongeza zaidi ya dola 1,000, na sehemu kubwa ya fedha hiyo amelipia uchache wake. Kwa maoni yangu huo ndio ugonjwa wa ukusanyaji wa pinboli leo. Pinboli ilizaliwa hadharani, ikaundwa kwa ajili ya mpita njia mwenye sarafu mfukoni, na karibu kila kizuri ilicho nacho kilitokana na sharti hilo. Anayeifungia ndani ili isiguswe anaiharibu, na kampuni inayomfuata mnunuzi wa namna hiyo inajikatia mzizi.

Kwa asiyeijua, pinboli ni sanduku la mbao lenye miguu minne, na ndani yake mna ubao ulioinama kidogo chini ya kioo. Mchezaji anairusha gololi ya chuma yenye uzito wa gramu 80 hivi kwa fimbo ya springi, kisha anapambana isitumbukie chini. Silaha yake ni mikono miwili midogo, flipa, anayoiendesha kwa vitufe vya ubavuni. Flipa hazikuwapo tangu mwanzo. David Gottlieb alipotoa Baffle Ball mwaka 1931, mashine ndogo ya kuweka juu ya kaunta iliyouzwa dola 17.50, mchezaji alirusha gololi na kuiangalia ikiangukia popote. Mdororo wa uchumi ulikuwa umeshika kasi, watu walitaka burudani ya senti chache, na wenye maduka walitaka kitu cha kuwaongezea kipato. Mashine hizo zikaenea kwa makumi ya maelfu. Bahati ilikuwa imeushinda ustadi, na hapo ndipo serikali zilipoingia. Mwaka 1942 Meya Fiorello La Guardia wa New York alizipiga marufuku akisema ni kamari inayowapora watoto fedha zao, na polisi wakazivunja kwa nyundo mbele ya wapiga picha. Msomaji wa Kenya aliyeona mashine za kamari za Kichina zikichomwa moto hadharani anaielewa picha hiyo bila kuelezwa zaidi.

Tazama sasa jinsi macho ya watu yalivyoibadilisha mashine. Wachezaji wa baa walikuwa wakiitikisa na kuinyanyua ili kuielekeza gololi, na mbunifu Harry Williams akabuni tilti. Kwa umbo lililodumu hadi leo, tilti ni kipande cha chuma kilichoning'inizwa katikati ya pete. Mashine ikitikiswa kupita kiasi chuma kinagusa pete, umeme unapita, flipa zinakufa na gololi inapotea. Ukiitikisa kwa kipimo unasamehewa, na kujua kipimo hicho kukawa sehemu ya ustadi. Mwaka 1947 Harry Mabs wa kampuni ya Gottlieb akaweka flipa sita kwenye mashine ya Humpty Dumpty, na kuanzia hapo mchezaji akawa na neno juu ya hatima ya gololi yake. Ndiyo maana mwaka 1976 mwandishi Roger Sharpe aliweza kusimama mbele ya madiwani wa New York na kuutetea mchezo kwa mikono yake. Madiwani walishuku mashine aliyojiandaa nayo, wakamtaka achezee ile ya akiba. Akatangaza kwamba atavuta springi na gololi itapita njia ya katikati, akavuta, ikapita. Marufuku ya miaka 34 ikaondolewa. Ushindi ule ulipatikana kwa mchezo kuonekana ukichezwa.

Sarafu nayo ilikuwa mwalimu mkali wa wabunifu. Mchezo ukiwa mrefu mno mwenye mashine hapati kitu. Ukiwa mfupi mno mchezaji anaona ameibiwa, hatarudi. Mgeni ambaye hajawahi kuigusa lazima aelewe ndani ya sekunde chache apige wapi, na bingwa aliyeicheza mwaka mzima lazima bado akute jambo la kutafuta. Kukidhi mahitaji hayo yote kwenye ubao mmoja ni kazi ngumu, na mfano bora ni The Addams Family ya mwaka 1992, iliyobuniwa na Pat Lawlor na Larry DeMar. Taa zilizo kwenye ubao zinamwonyesha mchezaji njia ya kulenga. Sauti za Raul Julia na Anjelica Huston, waigizaji wa filamu iliyoipa mashine jina, zinamchochea na kumpongeza. Mkono unachomoza kutoka kwenye kisanduku, unainyakua gololi kwa sumaku na kuondoka nayo. Sumaku nyingine zimefichwa chini ya ubao, nazo wakati fulani zinaivuta gololi huku na huku mchezaji akiwa anajiona ameshinda. Mtoto anafurahia mkono, na mzoefu anahesabu ni vyumba vingapi vya jumba la kifahari lililochorwa ubaoni vimebaki kuwashwa. Ziliuzwa mashine 20,270, rekodi ambayo hakuna mashine ya pinboli ya zama za elektroniki iliyoivunja. Haikuhitaji uchache ili itamaniwe.

Najua jibu la wakusanyaji, na lina uzito. Oktoba 1999 kampuni ya Williams, kinara wa biashara hiyo, ilifunga kitengo chake cha pinboli na kubaki na mashine za kamari zilizokuwa zikiiingizia zaidi. Kwa zaidi ya miaka kumi Stern ilikuwa karibu peke yake, hadi Jersey Jack Pinball ilipoanzishwa mwaka 2011. Katika kipindi hicho kumbi zilifungwa na mashine nyingi zikaishia kwenye vyuma chakavu. Waliobaki kuziokoa walikuwa watu binafsi. Walizinunua zikiwa zimeoza, wakazipeleka gereji na vyumba vya chini ya nyumba, wakachonga upya sehemu ambazo hakuna kiwanda kilichokuwa kikizitoa, na wakafundishana kusoma michoro ya umeme. Bila wao huenda nisingekuwa na mada ya wiki hii. Lakini angalia walichokifanya: walizifufua ili zicheze. Fundi aliyekesha akitafuta waya uliokatika alitaka kusikia kengele ikilia. Kumtumia yeye kumtetea anayenunua mashine mpya na kuiacha ndani ya boksi lake akisubiri bei ipande ni kumdhulumu.

Wapo pia wanaosema kwamba kuicheza ni kuichakaza, na kwamba mashine iliyotulia ndiyo itakayofika kwa wajukuu. Hoja hii inasikika vizuri hadi ufungue mashine yenyewe. Chukua flipa. Nyuma yake kuna koili, na ndani ya koili kipande cha chuma kinachovutwa umeme unapopita. Katika muundo uliotumika kwa miongo mingi, koili hiyo ina nyaya za aina mbili: nene ya kutoa pigo kali na nyembamba ya kuishikilia flipa ikiwa juu. Flipa ikifika mwisho wa mwendo wake, swichi ndogo inafunguka na kuuhamishia umeme kwenye waya mwembamba, la sivyo koili ingeungua. Kinachochakaa hapo ni swichi, bomba la plastiki na raba, vitu vya bei ndogo ambavyo fundi anavibadilisha kwa muda mfupi. Ubao wenyewe huchubuka ikiwa gololi ni chafu au ina makovu, na dawa yake ni kitambaa na gololi mpya. Sasa chukua mashine ya miaka ya 1990 iliyofungiwa chumbani. Kwenye bodi yake kuna betri tatu ndogo za kutunza kumbukumbu. Zikisahauliwa zinavuja, na maji yake yanakula njia za shaba moja baada ya nyingine, mpaka bodi nzima inakufa bila mtu kujua. Raba nazo zinakauka na kupasuka, unyevu unavimbisha mbao. Meza za pool kwenye baa zetu zinabadilishwa kitambaa kila kinapochanika na zinaendelea kuingiza sarafu. Hakuna anayesema zimeharibika kwa kuchezwa.

Hoja ya thamani ina ushahidi wake pia. Medieval Madness, aliyoibuni Brian Eddy mwaka 1997, ilitengenezwa mashine 4,000 hivi, na ikaja kuuzwa mitumba kwa zaidi ya dola 10,000. Ilipotangazwa kwamba Chicago Gaming Company ingeitengeneza upya, baadhi ya wakusanyaji walilalamika kwamba mali yao itashuka thamani. Mashine mpya zikaanza kutoka mwaka 2015 kwa karibu dola 8,000. Watu wengi waliokuwa wakiisikia tu wakaweza kulibomoa geti la ngome iliyo kwenye ubao wake kwa gololi zao wenyewe, na kampuni hiyo ikapata nguvu ya kuzirudisha Attack from Mars, Monster Bash na Cactus Canyon. Sitamsikitikia mwenye mali ambaye furaha yake inategemea mwenzake akose. Ubora wa Medieval Madness ulikuwamo ndani ya mchezo tangu siku ya kwanza, na mashine nyingi zaidi zimewapa watu wengi zaidi nafasi ya kuuona.

Atakayesema mali ni ya mwenyewe na hakuna wa kumpangia, simbishii. Fedha za majumbani ndizo zinazoendesha viwanda vya Illinois leo, na sheria haimlazimishi mtu kuwasha mashine yake. Nauliza tu fedha hizo zinawafundisha nini watengenezaji. Stern inajua umuhimu wa hadhara, ndiyo maana mwaka 2021 ilianzisha mfumo wa Insider Connected, ambao kwao mchezaji akiwa baa yoyote yenye mashine iliyounganishwa anajitambulisha kwa simu na alama zake zinatunzwa. Jitihada hiyo ni njema. Hata hivyo wenye kumbi kwa kawaida hununua Pro, kwa sababu sarafu haziwezi kurudisha bei ya matoleo ya juu, kwa hiyo ufundi wa hali ya juu unakwenda mahali ambapo watu wachache watauona. Kule Las Vegas, ukumbi wa Pinball Hall of Fame uliofunguliwa na Tim Arnold mwaka 2006 umeweka mkusanyiko wake wazi kwa mgeni yeyote mwenye sarafu. Mashine za kale zinagongwa humo kila siku, zikiharibika zinatengenezwa, na kinachobaki baada ya gharama kinapelekwa kwenye misaada. Arnold ni mkusanyaji kama wengine, tena mkubwa.

Kwa hiyo ombi langu kwa wenye mashine zilizofungiwa ni dogo. Ondoeni betri kuukuu leo, futeni ubao, wekeni gololi mpya, kisha mwiteni jirani acheze. Na mwenye mashine tano akopeshe moja kwa ukumbi au klabu ya mji wake. Kwa Stern na wenzake nina neno moja: mashine ijayo ikiwa na jengo la kuporomoka, liwekeni kwenye Pro.