KONA YA ELIMU: Bibi Akisahau, Si Uchawi

Mwezi huu tunaongea juu ya wazee wetu.

Katika bloku yetu kuna bibi mmoja. Alificha kadi ya mgao ndani ya gunia la mkaa, akasahau, kisha akamwambia mkamwana wake, "Wewe umeniibia!" Watu wakaanza kunong'ona: huyu ni mchawi, ama amerogwa. Wengine hata bombani hawataki kusimama karibu naye. Sisi walimu wa kujitolea tumeona tusinyamaze.

Ubongo umejengwa kwa seli. Ndani ya seli kuna mirija midogo sana, upana wake nanomita 25. Ukipanga 40,000 bega kwa bega, unapata milimita moja tu! Mirija hii ni barabara za kupitisha mizigo ya seli. Kila mara inarefuka na kufupika. Mwaka 1975 wataalamu huko Marekani walieleza protini inayoisaidia kujengeka. Inaitwa tau. Fikirieni hema: nguzo bila kamba hazikai sawa. Tau ni kama kamba hizo.

Katika ugonjwa wa Alzheimer, tau inabeba fosfeti kupita kiasi, inaachana na mirija na kujisokota mafundo mafundo. Mizigo inakwama, mwisho seli inakufa. Protini nyingine, amiloidi, nayo inahusika. Daktari Alois Alzheimer wa Ujerumani alieleza mafundo hayo mwaka 1906, baada ya kuchunguza kwa darubini ubongo wa mama mmoja aliyekuwa amepoteza kumbukumbu. Uchawi uko wapi hapo?

Lakini tusijipime wenyewe. Kusahau kunaweza pia kuletwa na upungufu wa vitamini B12 ama tezi ya shingo, na hayo yanatibika. Mzee akichanganyikiwa ghafla, inaweza kuwa malaria: apelekwe kliniki siku hiyo hiyo. Alzheimer yenyewe bado haina dawa ya kuiponya kabisa.

Nyumbani, msibishane naye. Kadi ikae mahali pamoja, ashike mtu mwingine. Akitoka, mtoto amsindikize. Akisahau jina lako, mtajie tena bila kumcheka.

Bibi yetu ameanza kufuatiliwa kliniki. Juzi tulipomtembelea hakukumbuka majina yetu, lakini alituambia tukae tunywe uji. Majirani, nanyi nendeni mkamsalimie.

Tuonane mwezi ujao.