Damu ya Wazee Wetu Nayo Ipimwe

Mzee akianza kupotea njia ya kwenda kwake, au kuuliza swali lile lile mara tano kabla chai haijapoa, majirani hawakosi la kusema. Wengine husema ni uzee tu. Wengine husema ni uchawi, na neno hilo huua. Mnamo Oktoba 2021 akina mama wazee wanne waliuawa na umati huko Marani, Kisii, kwa madai hayo. Hatudai kwamba wote walikuwa wagonjwa. Twasema tu kwamba jamii isiyoyajua maradhi ya usahaulifu, yaani dimensia, ni rahisi kumshuku anayeyaugua.

Ndiyo maana habari za maabara za ng'ambo zatuhusu. Mapema mwaka wa 2024 wataalamu walitangaza matokeo ya uchunguzi wa damu ya watu zaidi ya 52,000 nchini Uingereza, ambao hawakuwa na dimensia walipoitoa. Walipima protini 1,463. Katika muda wa miaka 14 hivi, watu 1,417 kati yao waliugua. Ilibainika kwamba protini iitwayo GFAP, itokayo katika seli zinazozitunza neva za ubongo, ilikuwa imeanza kuongezeka katika damu ya wagonjwa miaka kumi au zaidi kabla ya ugonjwa kutambuliwa.

Mwanafunzi wa Biolojia anajua kwamba protini hutengenezwa kwa maagizo ya jeni. Mojawapo ya jeni hizo, APOE, huagiza protini inayosafirisha mafuta katika damu na ubongo. Ina sura tatu, na kila mmoja wetu hurithi moja kwa baba na moja kwa mama. Mwaka wa 1993 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walionyesha kwamba mojawapo ya sura hizo, e4, yahusiana na maradhi ya Alzheimer. Vitabu hufundisha kwamba aliyerithi e4 moja hatari yake huongezeka kama mara tatu, na aliyerithi mbili, mara nane au zaidi.

Lakini hesabu hizo zilitokana hasa na watu wenye asili ya Ulaya. Hata wale wa Uingereza waliopimwa damu, zaidi ya tisa katika kila kumi ni Wazungu. Uchunguzi uliotangazwa mwaka wa 2001 uliwalinganisha Wayoruba wa Ibadan, Nigeria, na Wamarekani weusi wa Indianapolis, wote wakiwa na umri wa miaka 65 au zaidi. Katika kila watu 100 kwa mwaka, waliopatwa na dimensia Indianapolis walikuwa 3.24, Ibadan walikuwa 1.35. Hapa kwetu, wazee waliopimwa Nyeri walikutwa na e4 kwa wingi, bali haikuonekana kuandamana na ugonjwa kama ilivyotazamiwa. Huenda sababu ni chakula, au jeni nyingine zilizo jirani na APOE. Jibu halitapatikana London.

Mnamo Mei 2025 Marekani iliidhinisha kipimo cha kwanza cha damu cha kusaidia kutambua Alzheimer, kwa watu wa miaka 55 na zaidi wenye dalili. Kipimo cha aina hiyo kikifika Nairobi, kitakuja na viwango vilivyowekwa kwa damu ya wengine, na tayari yajulikana kwamba ugonjwa wa figo waweza kupandisha baadhi ya protini hizi. Twaihimiza Wizara ya Afya na vyuo vikuu vyetu vipime damu ya wazee wa Kenya, kwa ridhaa yao na kwa siri, kabla biashara haijatangulia. Mtu asiye na dalili yoyote asiuziwe hofu.

Na tusingoje maabara. Jopo la wataalamu wa jarida la Lancet lilikadiria mwaka wa 2024 kwamba karibu asilimia 45 ya dimensia duniani ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Miongoni mwa visababishi 14 lilivyovitaja mna shinikizo la damu, kisukari, uziwi, na, walimu wasikie, elimu haba utotoni. Mtoto anayerudishwa nyumbani leo kwa kukosa karo anaingia katika hesabu hiyo. Nalo shinikizo la damu hupimwa hata katika zahanati za mashambani, ilhali wazee wengi hawajapimwa hata mara moja.